Mjadala: Fedha za umma zilipie programu za picha za kukodi, au taasisi zihamie programu huria?

Mtunza_Nyaraka (mwanzisha mada)

Wakuu, hoja ni hii: halmashauri, shule na makumbusho zizuiwe kutumia fedha za umma kukodi programu za kupanga na kuhariri picha, maana programu huria (za bure, zenye msimbo ulio wazi) zinazofanya kazi hiyo zipo. Sababu yangu ya kwanza ni uhai wa kumbukumbu. Bei inafuata.

Picasa ilikaa kwenye kompyuta za ofisi nyingi, kisha Google ikaacha kuihudumia Machi 2016. Aperture ya Apple iliondolewa dukani 2015, na tangu macOS Catalina ya 2019 haifunguki tena. Picha zenyewe hazikupotea. Kilichopotea ni kazi iliyofanywa juu yake. Picasa iliandika maelezo na lebo ndani ya JPEG, lakini nyota, majina ya sura na marekebisho yasiyohifadhiwa vilikaa kwenye faili lililofichwa la .picasa.ini katika kila folda. Anayenakili picha peke yake analiacha faili hilo nyuma, na miaka kumi baadaye hakuna anayejua nani kakaa kushoto kwa mkuu wa wilaya.

Napendekeza digiKam kwa kupanga, darktable au RawTherapee kwa faili za RAW (picha ghafi kama kamera ilivyozirekodi), na GIMP kwa kazi za kukata na kuunganisha. Zote nne zinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

StudioZiwa

Mkuu, marufuku hiyo itawaumiza wanaofanya kazi kwa saa. Afisa habari anapiga mkutano wa saa nne asubuhi, magazeti yanataka picha saa sita. Kwenye Lightroom Classic, programu ya kukodi ya Adobe, anachagua picha 20 kati ya 600, anaiambia programu iteue watu waliomo, anainua mwanga wa nyuso bila kugusa anga, kisha anabandika marekebisho hayo kwa zote. Ukumbini kwenye giza, zana yake ya kuondoa chenga (vidoa vya picha za gizani) inaokoa picha ya ISO 6400 (kamera ikiwekwa usikivu mkubwa wa mwanga) ambayo zamani ilikuwa ya kutupwa.

Darktable ni programu nzuri ila haimhurumii mgeni. RAW inafunguka ikiwa imepooza kuliko ulivyoiona nyuma ya kamera, kwa kuwa haifuati mpangilio wa rangi wa Canon au Nikon. Mgeni anakimbilia kuongeza rangi, na ngozi nyeusi inageuka chungwa. Na bila kadi ya michoro inayokubali OpenCL (njia ya kuipa kadi hiyo kazi za hesabu), kila kitelezi kinajikokota. Hesabuni pia gharama ya mafunzo, si leseni peke yake.

FundiMtandao

Hilo la rangi lina dawa, kaka. Usianze na rangi. Anza na moduli (zana) ya mwanga mpaka uso wa mtu ukae sawa, hata kama anga linaonekana kuungua. Fuata uwiano wa weupe (white balance). Kisha tumia moduli ya sigmoid kurudisha sehemu zilizozidi mwanga. Rangi iwe ya mwisho, na mara nyingi hutaihitaji. Ukiridhika, hifadhi kama mtindo: picha 300 za ukumbi uleule zinaupokea kwa pamoja. Kuhusu kuondoa chenga nakubaliana nawe, Lightroom iko mbele.

Ila naona nyote wawili mnabishana pembeni. Swali linaloamua ni moja: taarifa za picha zinaandikwa wapi? Lightroom Classic inaziweka kwenye katalogi, faili la .lrcat, na hiyo ni hifadhidata ya SQLite. Usipoingia kwenye mipangilio ya katalogi, sehemu ya metadata (taarifa za picha), na kuweka tiki ya kuandika mabadiliko kwenye XMP (muundo wa kuandika taarifa za picha unaosomwa na programu nyingi), hakuna kinachotoka humo. Taarifa za picha za zamani zitoe kwa mkono: ziteue zote, bonyeza Ctrl+S. Kwa JPEG taarifa zinaingia ndani ya picha, kwa RAW linazaliwa faili la pembeni la .xmp. XMP ni kiwango cha shirika la viwango la ISO tangu 2012, kwa hiyo programu nyingine inasoma lebo, maelezo, nyota na hakimiliki.

Kuna visivyotoka, na ndivyo watu hupenda kuvitumia, kama mikusanyo (albamu za ndani ya programu) na nakala pepe (matoleo ya picha yasiyo na faili lake). Ukipanga kumbukumbu ya taasisi kwa mikusanyo, umeifungia humo. Panga kwa lebo na nyota.

Mtunza_Nyaraka

Umenisaidia kujenga hoja. Malipo yakikatika je? Bajeti ya halmashauri inaweza kuchelewa robo nzima.

StudioZiwa

Programu haifi. Lightroom Classic inafunguka, unatafuta, unaweka lebo, unatoa nakala. Kinachofungwa ni sehemu ya kuhariri na ile ya ramani. Mnatisha watu.

FundiMtandao

Ni kweli, lakini soma mkataba mpaka chini. Mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi, ukiuvunja baada ya siku 14 za mwanzo, Adobe wanadai nusu ya miezi iliyobaki. Serikali ya Marekani iliwashtaki Juni 2024 kwa kuificha ada hiyo. Mpango wa picha wenye hifadhi ya 1TB umetangazwa kwa dola 19.99 kwa mwezi, karibu dola 240 kwa mwaka kwa mtumiaji mmoja. Vilevile programu lazima ijithibitishe mtandaoni mara kwa mara: kila siku 30 kwa mpango wa mwezi, hadi siku 99 kwa mpango wa mwaka. Kituo kisicho na intaneti ya uhakika kilijue hilo mapema.

Na wanaosema "bure" waangalie leseni. XnView MP na IrfanView ni bure nyumbani na shuleni. Kampuni inatakiwa kununua. Ofisi nyingi zinazitumia bila kujua zinavunja masharti. DigiKam, darktable, RawTherapee na GIMP hazina kizuizi hicho.

Bi_Kumbukumbu (Nairobi)

Mmesahau walio ndani ya picha. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mwaka 2023 Kamishna wetu wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sasa shule inayorusha picha zote za wanafunzi kwenye akaunti binafsi ya mwalimu huko Google Photos itajitetea vipi?

DigiKam inatambua sura ndani ya kompyuta yenyewe. Inapakua faili za utambuzi mwanzoni, baada ya hapo unaweza kuchomoa waya wa intaneti na kazi ikaendelea. Kwa picha za watoto na wagonjwa, mimi sioni mjadala hapo. Kabla ya kuchapisha, ondoeni pia mahali zilipopigwa kwa ExifTool, programu ya bure ya kuandikiwa amri:

exiftool "-gps*=" picha.jpg

ExifTool inaacha nakala ya awali yenye mkia wa _original. Msiichapishe hiyo kwa bahati mbaya.

StudioZiwa

Dada, kwa watoto nakuunga mkono kabisa. Na kupakia kila kitu wingu hata kiufundi hakuna maana kwetu: RAW 1,500 za MB 28 ni GB 42, na kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5 hiyo ni karibu saa 19 bila kukatika. Lakini Lightroom Classic haikulazimishi kupakia. Picha zinabaki kwenye diski yako.

Kwa shule yenye simu tu, hoja ya digiKam haiingii. Mwalimu ana simu na bando, basi.

Mwalimu_wa_Picha

Hapo kwenye simu ndipo penye jeraha, na hakuna programu ya mezani inayolitibu. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha inapunguzwa ukubwa na kunyang'anywa EXIF yote: tarehe, kamera, mahali. Jina kama IMG-20240512-WA0012 linabeba tarehe iliyopita WhatsApp, si siku ya tukio. Shule ikipokea hivyo, Lightroom na digiKam zote zitapanga uongo. Tumeni kama hati, faili linafika lilivyo. Au leteni simu na waya wa USB.

Waliokwisha kuweka Google Photos wajue: GB 15 za bure zinajazwa na picha za MB 4 kama 3,750 hivi, tena zinagawanywa na barua pepe. Ukizitoa kwa Takeout (huduma ya Google ya kupakua data zako), tarehe na maelezo uliyosahihisha mtandaoni yanakuja kwenye faili za maandishi za JSON za pembeni. Picha inaweza kuwa kwenye zipu ya tatu na JSON yake kwenye ya nne. Fungua zipu zote ndani ya folda moja kwanza, ndipo uanze kuunganisha. Majina marefu hukatwa, kwa hiyo baadhi hazitapatana na utazilinganisha kwa macho.

Kasoro nyingine ya kila siku ni saa. Kamera iliyoachwa kwenye saa za GMT inaandika pungufu ya saa tatu. Sahihisha folda nzima kabla ya kuweka lebo yoyote:

exiftool -AllDates+=3 folda/

Bi_Kumbukumbu (Nairobi)

Na ofisi yenye watu watano je? Wote wanataka kufungua maktaba moja.

FundiMtandao

Hapo zote mbili zinagoma. Lightroom Classic inakataa katalogi iliyo kwenye diski ya mtandao. DigiKam haikatai, lakini SQLite yake ikiwekwa huko inaweza kuharibika. Inahitaji MariaDB (hifadhidata ya seva), na hata hivyo haikuundwa ili wengi waandike kwa wakati mmoja. Teua kompyuta moja na mtu mmoja wa kuweka lebo. Wengine wapewe folda ya kusoma tu.

Mtunza_Nyaraka

Basi narekebisha hoja. Kuhariri, kila kitengo kichague chake. Kumbukumbu isikae kwenye programu ya kukodi.

StudioZiwa

Hiyo naweza kuikubali kwa sharti moja: msidanganye watu kwamba XMP inahamisha marekebisho. Mwanga na rangi ulivyovirekebisha Lightroom vimo ndani ya XMP, lakini darktable itavielewa vichache mno, na vya darktable Lightroom haitavielewa kabisa. Picha muhimu itolewe kama TIFF ya biti 16 (faili la picha lisilopoteza ubora) na kuwekwa kando ya RAW.

FundiMtandao

Sahihi. Ongeza majina ya faili za pembeni: Adobe inaandika IMG_1234.xmp, digiKam inaandika IMG_1234.CR2.xmp, na usipowasha chaguo la digiKam la kulandanisha majina na programu za kibiashara, kila moja itaona faili la mwenzake kama halipo.

Ofisi ijaribu hivi kabla ya kusaini chochote. Chukua picha 50, nusu JPEG nusu RAW. Weka lebo, maelezo yenye majina ya watu na nyota. Nakili folda kwenye flashi, ifungue kwenye kompyuta nyingine kwa programu nyingine. Kisicholingana kiandikwe kwenye karatasi ya zabuni, na muuzaji aeleze kitatokaje.

Mtunza_Nyaraka

Je, RAW zibaki CR2 na CR3 (aina za Canon) au zigeuzwe DNG (aina ya RAW ya Adobe iliyo wazi kwa wote)?

FundiMtandao

Tunza za awali. Kigeuzi cha DNG cha Adobe ni cha bure, na kinasaidia pale programu ya zamani kama Lightroom 6 isiposoma CR3. Ila kikishageuza, usifute ulichopiga.