Rangi za usoni kwa pati ya mavazi: za maji, za mafuta au za spiriti?

Binti Mzizima (mwanzisha mada)
Wadau, habari zenu. Jumamosi ijayo ofisini kwetu tuna pati ya mavazi, Kigamboni ufukweni, kuanzia saa kumi jioni mpaka usiku. Kila mtu aje na sura ya mnyama, na mimi nimechagua chui. Nguo fundi ameshamaliza. Umebaki uso.

Jana nilipanda mwendokasi nikashuka Msimbazi, nikaanza kuzunguka Kariakoo. Duka la kwanza walinimwagia kila kitu mezani, "zote nzuri tu, dada." La pili nilimkuta dada muuzaji ambaye kabla hajashika hata kopo moja aliniuliza: sherehe ni ndani au nje? Utakaa nayo kwa muda gani? Ngozi yako inatoa mafuta? Umewahi kuvimba kwa kipodozi chochote? Nikamjibu ni ufukweni, kwa muda wa saa tano au sita, na pua yangu hung'aa hata nikiwa nimekaa tu kivulini.

Akanichora mistari minne ndani ya mkono: rangi ya maji, ya mafuta, ya mafuta iliyopigwa poda, na ya spiriti, ile inayolainishwa kwa spiriti badala ya maji. Akasema, "Nenda kamalize shughuli zako juani, halafu urudi nione." Nilirudi baada ya kama saa moja. Ya maji ilikuwa imekatika pale jasho lilipopita. Ya mafuta ilikuwa imehamia kwenye blauzi. Iliyopigwa poda ilikuwa palepale, na ya spiriti haikutikisika kabisa, ila bei yake imenishinda.

Sijanunua bado, nataka kuwasikia kwanza. Shida nyingine ni njano: ile ya maji kwenye ngozi yangu nyeusi haikuonekana.

Fundi Rangi
Dada, huyo muuzaji mshike. Mimi napamba maharusi na wasanii wa maigizo, na wanaouliza maswali kabla ya kuuza ni wachache sana.

Nianze na njano. Rangi za maji nyingi ni nyepesi, na zikikaa juu ya ngozi nyeusi zinamezwa. Pakaa kwanza nyeupe, tabaka jembamba kwa sponji, pale tu njano inapotakiwa kukaa. Ikikauka ndipo uweke njano juu yake. Chui hahitaji njano uso mzima: katikati ya paji la uso, pua na mashavu. Pembeni fifisha kwa rangi ya kahawia inayokaribia ngozi yako, utaona uso unapata umbo badala ya kuwa kama barakoa. Na madoa ya chui si vidole vya wino. Ni viduara vilivyovunjika, vidogo karibu na pua, vikubwa kadiri unavyoelekea kwenye nywele.

Kuhusu aina, kwa Dar na unyevu huu wa bahari, kwako naona mafuta na poda. Lakini poda usiisugue. Chukua pafu la poda, gandamiza, acha dakika chache inywe mafuta, kisha pangusa inayozidi kwa brashi laini. Watu wengi husugua, halafu wanalaumu rangi kwamba imeharibika. Tabaka liwe jembamba, maana nene hupasuka kwenye mistari ya kucheka.

Za spiriti ndizo ngumu kuliko zote, hata maji ya bahari hazijali sana. Ila zinakausha ngozi, na sizipeleki karibu na macho wala midomo. Kwa pati ya usiku mmoja, hela hiyo nunulia brashi nzuri.

Kaka wa Sinza
Mkuu Fundi Rangi nakuheshimu, lakini rangi za maji mnazionea. Mimi nachora watoto kwenye bethidei na sitobadilisha. Inakauka haraka, mtoto akijishika haichafui nguo, na jioni mama anaosha kwa sabuni na maji basi. Umuoshe mtoto wa miaka minne rangi ya mafuta uone kilio chake.

Kosa ni maji mengi. Sponji iwe na unyevu tu, rangi iwe nzito kama krimu. Ukumbini penye AC inakaa jioni nzima. Kwa ufukweni nakubali, dada achukue ya mafuta.

Jambo moja silinyamazii: sponji moja kwa watoto wote. Mnakumbuka macho mekundu yale ya Januari 2024 hapa mjini? Mimi nabeba sponji kwa idadi ya watoto, na aliye na kidonda au jicho jekundu namchora mkononi.

Mama Wawili
Naomba wazazi mnisikie. Mwanangu alichorwa kipepeo kwenye sherehe, na mistari myeusi ilichorwa kwa piko, ile ya kupaka nywele, eti isifutike. Kesho yake malengelenge, na alama ilikaa miezi. Piko inachoma hata ngozi ya mtu mzima, seuze shavu la mtoto. Nyeusi ya macho tumieni penseli ya wanja iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Na jaribuni nyuma ya sikio siku moja kabla. Saa moja aliyoipata dada inaonyesha kama rangi itadumu. Mwasho unaweza kuja kesho yake.

Mwana Temeke
Kwenye glita angalieni sana. Ile ya kazi za mikono inayouzwa maduka ya vifaa vya shule ina ncha, ikiingia jichoni inakwaruza. Chukua ya vipodozi. Pia kopo liwe na orodha ya viambato na tarehe ya mwisho ya kutumia. Udhibiti wa vipodozi ulihamia TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, kwa hiyo ukikuta kitu cha kutia shaka, pa kuuliza ni huko.

Binti Mzizima
Asanteni wote, na pole sana Mama Wawili.

Leo nimerudi kwa yule dada. Nimechukua ya mafuta rangi tatu, nyeupe, njano na kahawia, poda isiyo na rangi, na penseli nyeusi. Niliomba na glita, akaniuliza naipaka wapi. Nikamwambia juu ya kope. Akasema aliyonayo ni ya kadi na mapambo, hawezi kuniuzia kwa ajili hiyo, akanielekeza duka la jirani. Amenikumbusha pia mafuta ya nazi: usiku nipake, nisubiri rangi ilegee, nifute kwa tishu, ndipo ninawe kwa sabuni.

Nyuma ya sikio nimeshapaka, kesho jioni nitaangalia.

Fundi Rangi
Vizuri. Tia mstari mweupe mwembamba chini ya jicho, chui anao. Jumatatu tunasubiri mrejesho na picha.