CG125 ya zamani, ekzosi ya dukani: inapiga mabomu nikiachia mafuta

Mzee_wa_Platini
Wakuu, habari. Pikipiki ni Honda CG125 ya 1983, bado ya platini (kidude kinachokatakata umeme ili cheche ipige). Ekzosi yake ilioza chini, pale maji yanapotuama. Bomba la mbele ni zima, kwa hiyo sailensa ya zamani imekatwa na kuwekwa ya dukani, fupi, umbo la koni. Mdomo wa sailensa mpya ni milimita 38, bomba kwa nje ni 28. Uwazi umejazwa kwa bati la kopo, kisha klampu ikakazwa. Sasa mteremkoni nikiachia mafuta inapiga mabomu, asubuhi inazimika nisipoiacha kwenye choki muda mrefu, na bomba karibu na injini limegeuka bluu. Jeti kubwa (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) iliyomo ni 95. Nianze na kabureta au nifunge upya?

Spana_Kumi
Mkuu, kabureta iache kwanza. Ukiachia mafuta, petroli isiyoungua inatoka na kukutana na hewa inayonyonywa pale penye uwazi, ndani ya bomba lenye moto. Hayo ndiyo mabomu yako. Ukiongeza jeti huku bomba linavuja utafukuza kivuli.

Hakikisha hivi: injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye kiungo cha sailensa na pale bomba linapoingia silinda hedi. Washa, mtu azibe mkia kwa kitambaa kibichi sekunde mbili tu. Povu litakuonyesha. Masizi meusi kwenye mapezi ya hedi ni ushahidi tosha.

Bati la kopo litoe. Nenda kwa fundi wa kukereza akutengenezee bushi ya chuma, ndani 28, nje 38, urefu milimita 50. Ipasue upande mmoja kwa msumeno ili klampu iweze kuibana. Mdomo wa sailensa nao upasue mara nne, lakini mipasuko iishie milimita 10 kabla ya mwisho wa bushi, na isikae juu ya mpasuko wa bushi. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mpasuko ukipita bushi, umefungua dirisha. Kiungo hicho paka gundi ya ekzosi, ile inayokauka kama saruji. Silikoni nyekundu usitumie, hasa kwenye hedi. Inaungua.

Kwenye hedi weka gasketi mpya ya shaba. Ya zamani imeshalala, haibanwi tena. Kama huna mpya, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, izamishe kwenye maji, inarudi laini.

Mpangilio wa kukaza ndio roho ya kazi. Shika kila kitu kwa mkono kwanza: nati mbili za hedi, klampu, boliti ya nyuma. Kisha kaza hedi kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, flenji (bamba linalobana bomba kwenye hedi) isilale upande. Stadi (boliti zisizo na kichwa zinazoshika nati hizo) ni za milimita 6 ndani ya aluminiamu, Nm 10 zinatosha. Fuata klampu, malizia nyuma. Tundu la nyuma lisipolingana na fremu, tengeneza kipande cha bati nene cha kuunganisha. Usilivute bomba kwa boliti. Likifungwa kwa kuvutwa, mtikisiko utakata stadi au utapasua bomba shingoni.

Mzee_wa_Platini
Asante mkuu. Nati moja ya hedi imeshikwa na kutu, spana inateleza.

Spana_Kumi
Mafuta ya kupenyeza usiku kucha, kisha pasha nati yenyewe, siyo hedi. Tumia boksi ya pembe sita. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma. Stadi ikitoka nayo si hasara, weka mpya. Uzi wa hedi ukiwa umekwisha, weka helikoili (uzi mpya wa waya) ya M6; usiingize boliti kubwa kwa nguvu.

Jeti_na_Sindano
Naongezea upande wa kabureta, *baada* ya kuziba. Bluu peke yake isikutishe, bomba la ngozi moja hubadilika rangi hata pikipiki ikiwa sawa. Lakini bluu pamoja na kuzimika baridi inanuka mafuta hafifu, yaani petroli kidogo kuliko hewa. Angalia pia taimingi (wakati cheche inapopiga), maana platini ikichelewesha cheche, moto unahamia kwenye bomba.

Funga utepe wa karatasi kwenye grip ya mafuta, weka alama za robo, nusu, robo tatu. Ikikosea chini kabisa, ni jeti ndogo na skrubu. Robo hadi robo tatu ni sindano ya kabureta. Kuanzia hapo kwenda juu ni jeti kubwa. Skrubu iliyo upande wa chujio la hewa inaongeza hewa ukiifungua. Iliyo upande wa injini inaongeza mafuta. Watu wanazichanganya kila siku. Kwa jeti kubwa jaribu 98, kisha 100, moja moja. Vuta gia ya tatu mafuta yote, zima huku umeshika klachi, ng'oa plagi (D8EA): nyeupe ni hafifu, kahawia ni sawa, masizi makavu umezidisha.

Boda_Mkongwe
Kile kibomba cha ndani kinachopunguza mlio usikitoe, kaka. Injini ya CG ni ya fimbo (valvu zinasukumwa kwa fimbo), nguvu yake iko kwenye mzunguko wa chini. Ukikitoa unapata kelele na mlima unakushinda. Pia angalia stendi ya kati: kama raba yake ilikuwa inaegemea ekzosi ya zamani, sasa itapanda hadi igonge mnyororo. Chomelea kizuizi kwenye fremu. Na hicho kitundu kidogo chini ya sailensa kisizibwe, ni cha maji.

Spana_Kumi
Kweli kabisa. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza futa bomba lote kwa thina, alama za vidole vyenye grisi zikiungua kwenye kromu hazitoki. Iache ipate moto, ipoe kabisa, kisha rudia kukaza nati za hedi. Kati ya flenji na hedi lazima ubaki uwazi kidogo; zikigusana, gasketi haijabanwa.

Mzee_wa_Platini
Zinagusana! Niweke gasketi mbili?

Spana_Kumi
Weka, ilimradi bomba liingie sawasawa. Kwenye hedi iliyolika ndivyo inavyofanywa.