Babu hataki kuongea na mjukuu wake tangu matokeo yatoke

Wakuu, naomba ushauri. Binti yangu kapata Division Four ya pointi 26 kidato cha nne: C mbili, Kiswahili na Historia, masomo mengine D. Imebaki C moja tu apate sifa za kidato cha tano.

Baba yangu, aliyeuza ng'ombe kumlipia ada, hapokei tena simu zake. Anasema aolewe. Bibi yake analia naye kila jioni. Mtoto hali, ana miaka 17 tu!

Mimi nataka arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, yeye anataka chuo cha ufundi cha VETA, ushonaji. Mzee kama huyu nimwingieje bila kumvunjia heshima? Nimtume shangazi, au niende na binti kijijini?