Baada ya The Intern, filamu gani nyingine ina mtu mwema ofisini?

Mpenda Skrini
Wakuu salaam. Natafuta filamu ya kuangalia baada ya The Intern (2015) ya Nancy Meyers. Ben, mgane wa miaka 70 aliyeigizwa na Robert De Niro, anaingia kampuni ya kuuza nguo mtandaoni kama mwanagenzi, na mpaka mwisho hamwangushi mtu wala hafanywi kichekesho. Filamu haina jambazi wala bastola, sasa nini hasa kinatushikilia? Na ipi nyingine ina mtu wa namna hiyo? Tutakaa watu wa rika zote, kwa hiyo tajeni na vya kujihadhari.

Mhariri wa Picha
Wema wa Ben unaonekana kwenye vitendo, hautangazwi. Kuna lile dawati lililorundikwa makorokoro, linamkera bosi wake Jules (Anne Hathaway) kila akipita. Ben anawahi asubuhi na kulisafisha bila kutumwa. Anamwona dereva wa Jules akinywa pombe. Hakimbilii kumchongea, anamfuata mwenyewe na kumzuia, kisha usukani anaushika yeye. Kitambaa cha mfukoni anatembea nacho ili ampe atakayelia. Halafu ofisi yenyewe imo katika jengo ambamo zamani vilichapwa vitabu vya simu, kazi aliyoifanya Ben maisha yake yote. Ndiyo maana hatembei mle kama mgeni.

Filamu inapoteleza ni pale Ben na vijana wa ofisini wanapovamia nyumba ya mama yake Jules kufuta barua pepe iliyotumwa kimakosa. Ben anayepima kila neno anapotea ghafla, kinabaki kichekesho cha wizi. Lakini inajirekebisha vizuri sana anapogundua siri ya mume wa Jules. Hapo mtazameni De Niro usoni: anajua, na hajui kama ana haki ya kusema.

Mzee wa Nyeusi na Nyeupe
Nenda The Apartment (1960) ya Billy Wilder, dakika 125, Oscar tano ikiwemo ya filamu bora. Baxter (Jack Lemmon) ni karani wa kampuni ya bima New York. Anawaazima mabosi nyumba yake wakutane na vimada, nao wanampandisha cheo. Kwa hiyo huyu anaanza akiwa ameshajiuza, na wema wake una gharama tunayoiona. Ana mafua, pua imeziba, na bado yuko kwenye simu akibadilishana zamu za mabosi ili angalau usiku mmoja alale kitandani kwake. Mwishoni bosi anadai ufunguo wa nyumba. Baxter anamwekea mezani ufunguo wa choo cha wakubwa, na cheo anakiacha hapo hapo. Ufunguo tu, bila hotuba, na mtu mzima unapata machozi.

Ule ukumbi wa madawati ya ofisini usio na mwisho ni ujanja wa mbunifu wa mandhari Alexandre Trauner: kadiri unavyokwenda nyuma, madawati yanapungua ukubwa na watu waliokalia ni wafupi zaidi. Usivute picha ijae skrini, utakata kingo na ukumbi utaonekana wa kawaida.

Tahadhari: kuna jaribio la kujiua kwa vidonge vya usingizi, wakati wa Krismasi. Watoto wadogo wasiwepo, na wakubwa waambiwe mapema.

Fundi Sauti
Kwa mkusanyiko wa rika zote ningeanza na Rocket Singh: Salesman of the Year (2009), ya Kihindi, imeongozwa na Shimit Amin. Harpreet (Ranbir Kapoor) ni muuzaji wa kompyuta anayekataa rushwa, akadhalilishwa ofisini kwa kurushiwa ndege za karatasi. Anaanzisha biashara ya siri humo humo ndani ya kampuni, na mhudumu wa chai anakuwa mbia sawa na wengine. Nzuri zaidi ni kwamba filamu haimsafishi: kutumia simu na madawati ya mwajiri kwa siri ni kosa, nalo linamrudia. Ni ndefu, wekeni mapumziko katikati.

Kwenye TV zima ile mipangilio ya kulainisha mwendo. Filamu hizi zilipigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. TV ikijaza fremu za kubuni, nyuso zinateleza kama tamthilia za mchana, na filamu za namna hii zinaishi kwenye nyuso. Mazungumzo yakisikika hafifu, zima pia sauti ya kuzunguka (surround), ubaki na stereo ya kawaida.