Eti "fomu ya sensa"! Huyu mtu tumwache mpaka lini?

MwanaMwani:
Assalaam alaikum wanajukwaa. Simtaji, mnamjua. Kila mkutano wa kompyuta hapa Unguja yupo kiti cha mbele, begi mbili, miwani myeusi hata ndani ya nyumba, na kazi ya mwenzie lazima aitie kasoro.

Nipo kwenye gari narudi mjini kutoka Paje, naandika huku mikono yanitetemeka. Leo mbele ya kinamama 23 wanaolima mwani, mbele ya katibu wao, mbele ya mtoto aliyepita kuuza kashata, kanambia: "Hii si programu, hii fomu ya sensa."

Fomu ya sensa!

Miezi minne naijenga. Wale kinamama walikuwa wakiandika kilo kwenye daftari, maji ya chumvi yakiligusa wino unayeyuka, siku ya malipo ni ugomvi mtupu. Nikakaa nao chini nikawauliza wanataka nini. Wakasema jina, kilo, bei, alichokopa, anachodai. Nikawapa dirisha moja tu. Herufi kubwa, maana kuna bibi haoni vizuri. Kitufe cha kijani PIMA, chekundu FUTA, na hicho chekundu kinakuuliza mara mbili kabla hakijafuta. Nimetumia Tkinter, zana ya kutengenezea madirisha na vitufe, kwa sababu inakuja na lugha ya Python yenyewe, haina haja ya intaneti, na kompyuta yao ni ile ya msaada yenye RAM ya GB 2. Data zote zimo kwenye faili moja la hifadhidata ya SQLite. Umeme ukikatika, kilo zilizokwisha kupimwa zimo.

Yeye kaja saa sita, kikao kimeanza saa tatu. Hakuuliza mwani unapimwa mbichi au mkavu. Kashika mausi, kabofya RIPOTI YA MSIMU, dirisha likaganda. Jeupe kama sanda, juu limeandikwa "haijibu". Sekunde 12! Wallahi nimezihesabu, zilikuwa ndefu kuliko Ramadhani nzima. Ndipo akavua miwani, mara ya kwanza watu kuyaona macho yake, akasema: fomu ya sensa. Kinamama wakacheka. Na yule bibi niliyemwekea herufi kubwa, naye kacheka.

Na ripoti ilitoka! Sekunde ya 13 hiyooo, hesabu sawasawa mpaka shilingi ya mwisho. Nani kaitazama? Yeye keshaanza kuwaeleza kwamba atawajengea "ya kisasa" kwa Electron, ile zana ya kujenga programu kama tovuti. Electron inabeba Chromium, kivinjari kizima, tumboni, kwenye GB 2! Huko ni kumpakia ng'ombe kwenye ngalawa.

Tena sensa ya 2022 makarani walikuja na vishikwambi. Hata hiyo fomu yenyewe haikuwepo! Fomu ya sensa gani?

KarafuuMbichi:
Pole yakhe. Lakini weka picha ya hilo dirisha tulione kabla hatujamlaani mtu.

MwanaMwani:
Hiyo hapo. Tazameni wenyewe.

KarafuuMbichi:
Mmh. Simtetei, ila kwa kijivu hicho, karani akiingia hapo ataanza kuuliza nani kalala kwenye kaya usiku wa kuamkia leo.

BintiMakunduchi:
Chai imenitoka puani 😂😂

MzeeWaSwing:
Kijana, sura tuiache. Tk, msingi wa hiyo Tkinter yako, aliitengeneza John Ousterhout mwanzoni mwa miaka ya 90, na ukitaka vitufe vya heshima ipo ttk, vifaa vyake vya sura mpya. Kosa lako ni kuifanya kazi nzito ndani ya uzi (thread) ule ule wa mainloop, kitanzi kinachoendesha dirisha. Dirisha lina mtumishi mmoja tu, ndiye anayechora, ndiye anayesikiliza vitufe. Ukimtuma dukani, anayebisha hodi hajibiwi. Hesabu ya msimu ipeleke kwenye uzi wa pili, matokeo yapite kwenye foleni, halafu amri ya after() iwe inaichungulia hiyo foleni kila milisekunde 100. Na huo uzi wa pili usiguse kitu chochote cha dirisha.

BintiMakunduchi:
Yaani ulitakiwa ufungue uzi kwenye programu, weye umekuja kuufungua huku.

MwanaMwani:
after() naijua! ttk naijua! Nilipojaribu mie walikuwepo wakulima watano tu, ripoti ilitoka papo hapo. Kutengeneza nitatengeneza usiku huu huu. Nyie hamkumuona alivyoivua ile miwani. Taratiiibu. Mbele ya mtoto wa kashata.

KisiwaPanza:
Huyo huyo alinambia mie nitumie Qt, zana nyingine ya madirisha. Nikajenga yote kwa PyQt, yaani Qt ya Python, mteja akasema msimbo asiuone mtu. Kumbe PyQt ina leseni ya GPL, ama ununue leseni ya biashara ama msimbo uuweke wazi. Nikahamia PySide, Qt ya Python yenye leseni nyepesi, usiku kucha. Nimemaliza, nimefungasha kwa PyInstaller, nimefika dukani kwa mteja, antivairasi yake ikaifuta programu mbele yangu ikidhani kirusi. Weye umetukanwa, mie nimefutwa.

MzeeWaSwing:
Swing, zana ya madirisha ya Java, ipo tangu Java 1.2, mwaka 1998. Hakuna aliyenifuta.

KarafuuMbichi:
Mzee, ile Swing yako ya zambarau nayo ni fomu ya pasipoti.

BintiMakunduchi:
Mie simsamehe aliyenificha kwamba pack na grid, njia mbili za Tkinter za kupanga vitu dirishani, hazikai fremu moja. Siku hizi angalau unapewa ujumbe wa kosa. Toleo la zamani zilikuwa zinavutana bila mwisho kama mawifi jikoni, nawe umekaa unangoja dirisha litokee. Siku mbili nimengoja!

Kiponda_Juu:
Sekunde 12 mnalia? Disemba 2009 Unguja nzima ilizimika, umeme tumeuona tena Machi 2010. Nilikuwa na programu ya Visual Basic 6 ya duka la baba, nakala pekee imo kwenye kompyuta ya mezani. Miezi mitatu naitazama tu ilivyojaa vumbi.

KisiwaPanza:
Miezi mitatu hiyo mnaisimulia mpaka leo. Pemba tuliishi kwa majenereta mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010, na hatukumsumbua mtu.

Kiponda_Juu:
Jenereta si umeme? Sisi tulikuwa na vibatari!

MwanaMwani:
Jamani, rudini kwenye mada. Jumamosi anakwenda tena Paje na Electron yake. Na yule bibi kanipigia simu sasa hivi, anauliza ile ya kitufe cha kijani itabaki au inaondoka, maana keshaizoea. Nimjibu nini?

KisiwaPanza:
Kiponda, jenereta ulilisikia tu, hukulipia mafuta yake.

BintiMakunduchi:
Nyie wawili kutaneni Forodhani, mshindi anunue urojo.

Kiponda_Juu:
Mafuta yalikuwa yakitoka wapi kama si bandari ya Unguja?

KarafuuMbichi:
Samahani naingilia, nani ana chaja ya HP pini nyembamba? Nipo Darajani, yangu imekufa leo na betri ipo asilimia 9.