Kachomoa waya refa akiwa kwenye NANE, halafu ananitumia ujumbe!!!

Kushoto_Kali (mleta uzi):
Wakuu, leo sina salamu. Nimekosea nywila mara kibao kuingia humu kwa jinsi mikono inavyotetemeka.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila anayecheza ndondi mtandaoni usiku kashakutana naye. Anachagua bondia mwenye miguu myepesi kuliko wote, kengele ikilia tu anaanza kuuzunguka ulingo kama anatafuta mlango wa kutokea. Silaha yake ni jebu tu, ile ngumi ya haraka ya kunyoosha mkono wa mbele. Jebu, anarudi nyuma. Jebu, anarudi nyuma. Ukirusha huku, ile ngumi ya kuzungusha kutokea pembeni, inapita hewani, na mnajua huku ikikosa inavyokula pumzi. Raundi ya 4 bondia wangu anahema, wake hata jasho hana. Apakati ya kutokea chini haijui, krosi ya mkono wa nyuma haijui, kupiga mwili kwake ni dhambi. Nahisi padi yake ina kitufe kimoja.

Nikavumilia. Nikaacha kumfukuza, nikawa namkatia njia, namsukumia kwenye kona, nakula jebu zake usoni huku nampa za mbavu mojamoja. Za mbavu hazina sifa, ila ndizo zinazoua miguu. Raundi ya 9 miguu ikaanza kugoma. Raundi ya 11 nikamnasa kwenye kona, nikainama, jebu ikapita juu, nikaachia huku ya kushoto kwenye ini.

CHINI.

Wakuu, alianguka hadi refa mwenyewe alishtuka. Hesabu ya kumi ikaanza. Moja. Mbili. Mimi nimeshasimama juu ya kochi. Sita. Saba. NANE. Skrini ikaganda. "Mpinzani ameondoka. Pambano halitahesabiwa."

Nane! Si mbili, si tatu. Mtu amelala pale akazisikia zote, akapiga mahesabu yake, akaona nane inatosha.

Bado hilo ningelimeza. Sekunde chache baadaye ujumbe ukaingia. Neno moja:

"Umejitahidi."

UMEJITAHIDI?? Aliyelala chali anampa moyo aliyesimama?

Wenye gemu wanaweza kuchora jasho likiruka tone kwa tone na jicho likivimba raundi baada ya raundi, ila sheria moja tu, ukikimbia ukiwa chini umepigwa, hiyo imewashinda.

Umejitahidi. Hadi sasa nausoma ule ujumbe.

Refa_Mstaafu:
Pole sana mkuu. Swali dogo tu: kadi za majaji zilikuwa zinasemaje hadi raundi ya 10?

Kushoto_Kali:
Hilo halihusiani na mada.

Refa_Mstaafu:
Basi nimeelewa.

Bi_Glavu:
Huyohuyo!! Mimi aliondoka kwenye sita, eti na "pole dada, jifunze kukinga". Wewe umeambiwa umejitahidi bado unalia? Hiyo kwangu ningeichapisha nikaitundika ukutani.

Mtu_wa_Fremu:
Mleta uzi, unarusha huku kutokea katikati ya ulingo unategemea nini? Jebu ndiyo inayofika haraka kuliko ngumi nyingine, gemu nyingi, hata ulingoni kwa watu wenye mifupa. Ukikaa mbali na mwenye jebu ndefu, umechagua kupigwa. Huyo jamaa anacheza ndondi, wewe unapigana na hewa.

Kushoto_Kali:
Na kuchomoa waya nako ni ndondi?

Mtu_wa_Fremu:
Ile ni kukwepa.

Refa_Mstaafu:
😂😂 Huku ikikwepwa inakula pumzi, mkuu.

Kushoto_Kali:
Cheka tu. Siku ukifika NANE mtu akakuachia "umejitahidi" tutakuwa wote hapa.

Mkongwe_wa_Katriji:
Watoto mna raha nyie. Mna waya wa kuchomoa. Kwenye gemu ya Nintendo, Mike Tyson's Punch-Out!! ya 1987, ile dakika moja na nusu ya mwanzo, apakati ya Tyson ikikugusa mara moja uko chini, hata kama afya yako haijaguswa. Moja tu! Kulikuwa na namba ya kukupeleka kwake moja kwa moja, 007 373 5963, hadi leo iko kichwani. Namba za ndugu zangu sizijui, hiyo naijua. Unaiandika unafika kwa Tyson, na kabla hujakaa vizuri umeshalala.

Jebu_Mtoto:
Mzee mbona ya kwangu mwishoni hakuna Tyson, kuna mzungu fulani anaitwa Mr. Dream?

Mkongwe_wa_Katriji:
Hiyo ni ya 1990. Leseni ya jina la Tyson iliisha, wakabadilisha sura na jina. Ngumi ni zilezile, usidhani umeonewa huruma.

Mtu_wa_Fremu:
Lakini tuseme ukweli, ile si ndondi, ile ni kukariri. Yule bondia wa humo, Bald Bull, anarudi nyuma, anakuja anarukaruka, ruko la tatu unampa ya tumbo, analala. Ukishajua ndiyo basi. Akili iko wapi hapo?

Mkongwe_wa_Katriji:
Nenda kamkaririe Tyson utuletee majibu.

Bi_Glavu:
Ndondi safi ilikuwa Boxing ya Atari 2600, mwaka 1980. Ulingo unautazama kutokea juu, dakika 2, wa kwanza kufika pointi 100 ameshinda kwa KO, pambano limeisha. Ya mbali pointi moja, ya karibu mbili. Hakuna kuanguka, hakuna refa wa kuhesabu, hakuna kukimbilia nane.

Kushoto_Kali:
Asante dada, NANE, turudi kwenye mada jamani.

Jebu_Mtoto:
Mabondia wenyewe wa hiyo Atari wanafanana na kaa.

Bi_Glavu:
Waombe radhi.

Padi_Mbili:
Mimi na Fight Night Round 4, ile iliyotoka 2009, ndiyo tu hatujasameheana. Walitoa vitufe vya ngumi, kila kitu kijiti cha kulia. Nataka apakati inatoka huku, nataka huku bondia anashangaa tu. Kidole gumba kilitaka kuhama mkono. Mpaka watu wapige kelele ndiyo wakarudisha vitufe kwa sasisho.

Mtu_wa_Fremu:
Kijiti ndicho sahihi. Unazungusha kama mkono unavyozunguka. Vitufe ni vya watu wa kubonyeza hovyo.

Padi_Mbili:
Nimekuwekea chumba, njoo na kijiti chako.

Kushoto_Kali:
Wakuu kuna mtu AMELALA CHALI kaniambia nimejitahidi.

Kijiti_Kibovu:
Samahani kwa kuingilia. Kijiti cha kushoto cha padi yangu kinasogea chenyewe, bondia anajiendea kamba hadi kamba bila kuguswa. Natengenezaje?

Refa_Mstaafu:
Mleta uzi, mtu wako huyu hapa.

Kijiti_Kibovu:
Mimi nacheza na kompyuta tu, na yenyewe inanipiga.

Mkongwe_wa_Katriji:
Ingia kwenye mipangilio ya padi, ongeza ule mduara wa katikati ambao kijiti hakisomwi. Ikishindikana badilisha kijiti.

Kijiti_Kibovu:
Asante mzee. Na kuinuka je? Nikiangushwa nabonyeza vyote kwa pamoja, jamaa ndiyo kwanza anazidi kulala.

Bi_Glavu:
Usibonyeze vyote.

Kijiti_Kibovu:
Kipi sasa?