Kasoma jina la namba 8 wetu kwenye KARATASI. Na bado akalikosea

Kifua_Mbele (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sina salamu.

Video mmeiona. Ambaye hajaiona na ana presha asiitafute. Yule bosi wa klabu, mnamjua, wa suti ya kubana, kasimama mbele ya kamera kumuaga kiungo aliyeibeba timu mgongoni misimu minane. Kaingiza mkono mfukoni, katoa karatasi, kaikunjua, kasoma jina. Akalikosea! Jina la silabi nne ambalo uwanja mzima unaliimba, na waamuzi wanaliandika bila kuuliza kwa jinsi walivyolizoea kwenye kadi za njano.

Video ina sekunde 11. Nne za kukunjua karatasi, tatu za kusafisha koo, zilizobaki za kuharibu jina la mtu. Muda huohuo duka la klabu mtandaoni linauza jezi yenye jina hilohilo kwa bei kamili, na huko wameliandika sawasawa. Si angeazima jezi moja akaisoma mgongoni?

Haya, tuseme kuuza kulikuwa lazima. Unauzaje siku tatu kabla ya dirisha la usajili kufungwa? Utaratibu unajulikana. Mbadala unamalizana naye kwanza, kimyakimya, mawakili wameshapitia mkataba na vipimo vya afya vimepangwa, ndipo unamwachia wa kwako. Ukigeuza, kila klabu unayoipigia simu inajua una hela na huna muda. Utaulizia mchezaji wa benchi, utajibiwa bei ya nyota. Halafu nyaraka nazo zina mwendo wake: klabu zote mbili ziingize taarifa kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa kusajili uhamisho, taarifa zilingane, kisha chama cha nchi anakotoka kitoe cheti cha uhamisho wa kimataifa. Kitu kimoja kikichelewa, umekwisha. Mwaka 2015 Real Madrid na Manchester United, klabu zenye wanasheria wa kujaza basi, zilishindwa kumaliza nyaraka za golikipa David de Gea kwa wakati na dili likafa. Sasa sisi ambao bosi wetu anashindwa na silabi nne ndio tutaweza kwa siku tatu?

Sina la kuongeza. Karatasi jamani. KARATASI.

Mzee wa Kuotea

Povu lote hili kwa kiungo wa pasi za nyuma? Kunywa maji mkuu.

Mchambuzi Kitandani

@Mzee wa Kuotea pasi za nyuma za yule mtu zilikuwa chambo. Anapokea kutoka kwa beki wa kati, washambuliaji wao wawili wanamfuata, anairudisha kwa mguso mmoja, na beki anapitisha mpira kwenye pengo waliloliacha hadi kwa namba 10. Na kabla mpira haujamfikia alishageuza shingo mara mbili tatu kuona nani yuko nyuma ya bega lipi. Kwa hiyo mwili umeshakaa upande, anapokea kwa mguu ulio mbali na mpinzani, na akitaka kugeuka anageuka.

Mwondoe uone. Mabeki wa kati watapasiana wao kwa wao, mpira uende kwa beki wa pembeni, urudi, uende upande wa pili, herufi U mechi nzima, mpaka golikipa achoke apige mrefu. Ukipigwa mrefu, mpira wa pili anauokota nani? Alikuwa anauokota yeye, kwa sababu alikuwa anasimama mita chache nyuma ya mshambuliaji anayeruka wakati wenzake wote wanaangalia juu.

Na kuna kazi isiyoandikwa popote. Beki wetu wa kulia akipanda, yeye ndiye aliyekuwa anashuka kuziba. Beki wa kulia hajui kwamba alikuwa anazibiwa. Atajua Jumamosi.

Jirani Mwekundu

Napita tu kutoa pole. Wa kwetu alipoondoka bosi alilia. Machozi ya kweli au ya kamera hatujui, ila jina alilipata.

Kifua_Mbele

Mods mwondoeni huyu.

Mhasibu wa Kona

Tuweke makasiriko pembeni, tufungue vitabu. Kwa nini anauzwa mtoto wa akademi na siyo yule winga wa kudumu wa chumba cha daktari? Kwa sababu winga tulimnunua. Ukimnunua mtu kwa 50 kwa mkataba wa miaka mitano, kila mwaka unaandika gharama ya 10, na baada ya miaka mitatu vitabu vinamsoma 20. Ukimuuza 20, faida yako sifuri. Ukimuuza 15, umeandika hasara ya 5 hata kama hela imeingia. Aliyekulia ndani hana ada iliyolipwa, vitabu vinamsoma sifuri, basi ada yote inaingia kama faida ya mwaka huohuo. Kanuni za fedha zinabana hasara, na njia ya mkato ya kuifuta ni kumuuza anayependwa. Mwaka 2024 Chelsea walimwachia Conor Gallagher akaenda Atlético Madrid, na majira hayohayo Manchester United wakamuuza Scott McTominay kwa Napoli. Wote zao la akademi. McTominay akachukua ubingwa wa Italia msimu wake wa kwanza, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi juu.

Na hiyo ada mnayotangaziwa msiione kama iko benki. Inalipwa kwa awamu, miaka mitatu minne ni kawaida. Kipande chake ni nyongeza: akicheza mechi kadhaa, wakifuzu Ligi ya Mabingwa, wakibeba kombe. Ukisikia "inaweza kufikia", toa akilini kipande kizuri. Kisha akivuka mpaka, asilimia 5 inakatwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23: robo asilimia kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Sisi tulimpata akiwa na 17, kwa hiyo misimu yetu inarudi kwetu na asilimia 1.5 inakwenda kwa klabu yake ya utotoni. Huko nadhani jina lake wanalijua.

Kifua_Mbele

Sentensi ya mwisho ndiyo pekee niliyoielewa, na inatosha. Kuna mtu ameiangalia video kwa mwendo wa polepole? Kabla ya kusoma ANAIGEUZA karatasi. Aliishika kichwa chini!

Benchi la Ufundi

Mnamkandia bosi kwa mambo ya karatasi, la msingi mnaliruka. Mkataba ulibaki mwaka mmoja na kijana hakutaka kuongeza. Ikibaki miezi sita anaruhusiwa kusaini makubaliano ya awali na klabu nyingine, mkataba ukiisha anaondoka bure, mambo ya kesi ya mchezaji Bosman mahakamani tangu 1995. AC Milan walimwacha Andrea Pirlo aende bure mwaka 2011, msimu uleule Juventus wakawa mabingwa. Manchester United walimwacha Paul Pogba mwaka 2012 akaenda Juventus, wakamrudisha 2016 kwa ada iliyovunja rekodi ya dunia. Mnataka hayo?

Kama mnatafuta kosa, litafuteni mwaka juzi. Mazungumzo ya kuongeza mkataba yanaanza ikiwa imebaki miaka miwili na nusu. Ikibaki miwili na hajasaini, unamuuza majira hayo, bado una nguvu ya kusema hapana. Ukifika mwaka wa mwisho, mnunuzi ndiye anayepanga bei na wewe unapanga maneno ya kuaga.

Mchambuzi Kitandani

Ambayo pia yamemshinda.

Golikipa Namba Tatu

Kila kizazi kinauza namba yake ya katikati halafu kinashangaa. Real Madrid walimwachia Claude Makélélé aende Chelsea mwaka 2003, wakiwa wametoka kumnunua David Beckham. Msimu ule wakamaliza wa nne. Liverpool walimuuza Xabi Alonso mwaka 2009 wakiwa wametoka kushika nafasi ya pili, wakamaliza wa saba. Ngao inaonekana ghali mpaka siku unapopigwa bila ngao.

Kona Fupi

@Golikipa Namba Tatu mbona Coutinho umemruka? Liverpool walimuuza Januari 2018, beki Virgil van Dijk ameshatua, majira yaliyofuata wakamleta golikipa Alisson. Mwaka 2019 wakabeba Ligi ya Mabingwa, tena nusu fainali wakiwachapa Barcelona 4-0 na Coutinho yumo upande wa pili. Kuuza si dhambi.

Golikipa Namba Tatu

Wao walijua hela inakwenda wapi. Sisi tumeambiwa "tunaangalia soko". Soko lenyewe linafunga siku tatu zijazo! Likifungwa tumebaki na wachezaji huru, wale ambao mikataba yao iliisha kabla ya dirisha kufungwa. Mtu hana timu tangu msimu uishe, hajafanya maandalizi na wenzake, unampa dakika 90 misuli ya nyuma ya paja inakatika. Na ukimpa 20 tu, hiyo siyo nafasi ya kiungo mkabaji, hiyo ni sherehe ya kumtambulisha.

Ila kwa kuwa @Kona Fupi umejileta mwenyewe: zile kona fupi zinatusaidia nini? Huko ndiko tunakopoteza pointi, hamtaki kusema.

Kona Fupi

Kona fupi haina tatizo, wapigaji ndio tatizo. Unapeleka watu wawili pale pembeni ili mpinzani atoe wawili kutoka kwenye boksi. Akitoa mmoja, nyie wawili mnamzunguka na krosi inapigwa kutokea kwenye pembe nzuri zaidi. Sisi tunapeleka wawili, anatoka mmoja, na bado tunarudisha mpira kwa golikipa wetu.

Mzee wa Kuotea

Na msisahau lile la mpigaji kona. Kona yenyewe haina kuotea, lakini akipiga fupi kisha akarudishiwa huku bado amezubaa karibu na mstari wa goli, ameotea. Kibendera kinapanda, nusu ya uwanja inamzomea mshika kibendera, na mshika kibendera yuko sahihi. Msimu huu tumefanya hivyo mara ngapi? Dawa ni hatua nne. Ukishapiga, rudi uwe nyuma ya mpira, ndiyo uombe pasi.

Kifua_Mbele

Wakuu uzi huu ni wa karatasi.

Dada wa Jezi

Swali la watu wenye akili: jina linatolewaje mgongoni kwenye jezi bila kuua jezi?

Fundi Pasi

Kwanza pitisha ukucha pembeni ya herufi. Ukihisi ukingo, imebandikwa kwa joto, inatoka. Usipohisi kitu, rangi imeingia kwenye uzi wenyewe, sahau.

Geuza jezi ndani nje. Weka kitambaa cha pamba juu ya sehemu yenye herufi, pasi kwenye joto la chini kabisa, mvuke zima, bonyeza sekunde 10 hadi 15. Ukiweka pasi uchi kwenye poliesta inang'aa kisha inayeyuka. Geuza haraka, shika kona ya herufi kwa kibanio, vuta taratibu ukilaza mkono karibu na kitambaa, usivute kwenda juu. Herufi moja, kisha joto tena. Ikigoma ongeza joto kidogo, usiongeze nguvu, nguvu ndiyo inayoondoka na nyuzi. Gundi ikibaki, pamba yenye spiriti, ujaribu kwanza kwenye pindo la ndani usije ukatoa rangi.

Kivuli cha herufi kinaweza kubaki. Kama jezi imeanikwa juani sana, kitambaa cha chini ya jina hakijapauka kama cha pembeni. Hilo halina dawa. Wanaotaka kuepuka haya siku nyingine: fua ndani nje, maji ya nyuzi 30, usikaushe kwa mashine.

Jirani Mwekundu

Msitupe hizo herufi. Mpelekeeni bosi azitumie kujifunza kusoma.

Kifua_Mbele

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na huyu, mods mrudisheni.

Dada wa Jezi

Asante Fundi. Na namba je? Ni kubwa kuliko pasi.

Fundi Pasi

Nusu ya juu kwanza, kisha ya chini. Ile yenye matundu madogo inakatika ukivuta, hiyo tumia kikaushia nywele badala ya pasi, unapuliza huku unavuta. Usiguse nembo ya ligi begani, huna ugomvi na ligi.

Mzee wa Kuotea

Nani kasema hatuna ugomvi na ligi? Mechi iliyopita mabadiliko tisa, VAR mara mbili, golikipa wao kalala chini kama anasubiri usingizi, halafu kibao cha dakika za nyongeza kinasoma 3. Nafungua uzi sasa hivi, nifuateni huko.